Nilidhani Paka Ndugu Wataheshimiana

Niliamini kwamba paka wawili waliozaliwa tumbo moja hawawezi kutazamana kwa macho ya tamaa. Sikudanganywa na mtu. Nilikifikiria mwenyewe kitu hicho, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba, na cheti changu cha sekondari kipo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Nikaishi na imani hiyo miezi mitatu na ushei, na nikaitetea mbele ya watu wazima wenye akili zao.

Nijitetee kidogo kabla hujacheka. Mimi ni mtoto wa Mengo, Kampala. Hapa kijana akimtabasamia msichana mara ya kwanza, hakuna neno; kabla hajatabasamu mara ya pili lazima aulize, wewe ni wa ukoo gani? Kila ukoo wa Kiganda una muziro wake, mnyama au mdudu ambaye wenye ukoo hawamli. Mkikutana wawili wa ukoo wa senene, basi, hapo hapo mmekuwa kaka na dada, hata kama hamjawahi kuonana, hata kama yeye ana miguu ya kukukosesha usingizi. Mnasalimiana kwa adabu na kila mtu anashika njia yake. Sisi ni wengine. Ukoo wetu ulikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, enzi za babu wa babu yangu, na tunaoana binamu kwa binamu bila kupepesa jicho. Mama yangu na marehemu baba ni watoto wa ndugu wawili. Shuleni nilitaniwa kwa hilo mpaka nikakoma: "Nyinyi mnaoa dada zenu!" Nadhani ndiyo maana nilipokua nikawa Mganda kuliko Waganda katika jambo hilo moja. Kutoka hapo kuwaingiza paka kwenye mpango ilikuwa hatua fupi tu.

Nashona kanzu. Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba, mimi na mama, na ukinihitaji huna haja ya kupiga simu: nipo. Watu wengine wana safari, mimi nina kiti. Kwenda hadi barabara kuu kununua nyuzi, kwangu mimi hiyo ni ziara, nahitaji siku mbili za kujiandaa kimoyo. Niliwahi kuwa na mke, mtu mwema kabisa. Alipenda kutoka Jumapili. Tuliachana kwa heri, kwa sababu Jumapili ina tabia ya kurudi kila wiki.

Paka waliletwa na panya. Kanzu ya bwana harusi mmoja, nyeupe pe, taraza nyekundu ya shingoni nimeidarizi siku mbili kwa mkono, iliguguniwa upindo siku moja kabla ya kuchukuliwa. Jirani yangu wa mlango wa pili alinikuta nimeikalisha mapajani kama mtu aliyefiwa. Ni mama mmoja Mkenya, anafanya kazi ya ofisi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuwaamsha madereva. Wiki hiyo hiyo akaja na katoni ya biskuti. Ndani mlikuwa na paka wawili wa miezi miwili hivi, aliowaokota chini ya gari la bosi wake huko Naguru. Wa kiume alikuwa wa kijivu, kichwa kikubwa, kifua mbele kama askari wa gwaride. Wa kike alikuwa na madoa meusi na meupe, mdogo, sikio moja limekunjika.

"Chukua wote wawili, jirani," akasema. "Ni ndugu, usiwatenganishe. Lakini nakuambia mapema: huyu msichana akifika miezi minne, mitano, apelekwe kwa daktari. Na huyu kijana pia. Kabla hawajaanza."

"Kuanza nini?"

"Kuanza mashairi! Kuanza nini, wewe? Kuanza kuzaana."

"Si umesema ni ndugu?"

Alinitazama kwa muda, kama anayesoma ilani iliyobandikwa juu sana ukutani.

"Haki ya Mungu," akasema. "Wewe kaa tu na cherehani yako."

Sikuwapa majina. Niliwaita Kaka na Dada, ili wakumbuke mipaka yao.

Kaka alifanya kazi aliyoletewa. Mwezi haujaisha, panya walikuwa wamehamia kwa watu wengine. Dada hakukamata hata mende. Kazi yake yeye ilikuwa kulala juu ya vipande vya kitambaa na kuweka mguu wake mahali pale pale sindano inapotaka kupita. Akichoka na hilo, hushuka chini ya cherehani na kulala juu ya mguu wangu. Sitaki kusema nilimpenda. Mwanamume wa miaka arobaini na sita hasemi hivyo juu ya paka. Nitasema tu kwamba nilijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja, maana wa pili ulikuwa na mtu.

Walipofika miezi minne, jirani akanipa namba ya daktari wa wanyama, mama mmoja Mganda mwenye kliniki yake Naguru. Nikampigia. Alikuwa na Kiswahili cha Kampala, kile kisichopoteza muda na ngeli, na kila mwanamume kwake ni ssebo, yaani bwana.

"Ssebo, hiyo paka iko na kilo ngapi?"

Sikujua. Nikambeba Dada hadi kwa muuza mchele wa kona, akampima kwenye beseni la mizani yake mbele ya wateja, akatoka kilo moja na nusu. Nikapiga tena.

"Ni ndogo," daktari akasema. "Lakini leta tu. Usingoje ianze kutaka dume. Hiyo ikipata mimba na mwili kama hiyo, inaweza kufa kwa kuzaa. Umesikia, ssebo? Kufa."

"Nimesikia."

"Unaleta lini?"

"Wiki ijayo," nikasema, na nilimaanisha kabisa.

Mama ndiye alikuwa wa kwanza kunisaidia kutokwenda. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, tasbihi mkononi, na kila ninachosema kwenye simu anakisikia, ingawa nikimwita chakula kimeiva hasikii.

"Mwanangu," akasema, "kiumbe wa kike hakatwi kizazi kabla hajazaa. Mwache azae mara moja, aonje uzazi, halafu ndiyo. Asiyezaa hukaa na kinyongo. Atakupasulia mapazia."

"Na Kaka, mama?"

"Kaka amekukosea nini? Ukimhasi atanenepa kama mwenyekiti wa mtaa. Panya watampanda kichwani."

Mama amefuga paka tangu utoto wake. Kwa hesabu ninayoikumbuka mimi, wote waligongwa na magari, au walikula sumu za jirani, au waliondoka nyumbani bila kuaga. Lakini ni kweli, hakuna hata mmoja aliyekufa na kinyongo.

Nikaona nitafute fatwa. Ustadhi ninayemshonea kanzu alikuja kupimwa, nikamuuliza akiwa ameinua mikono na futi yangu imepita kwapani.

"Wanazuoni wamehitilafiana," akasema. "Wapo wanaokataza, wapo wanaoruhusu pakiwa na manufaa na mnyama asiumizwe. Lakini wewe, unatafuta hukumu au unatafuta kuahirisha?"

Nikamwambia ashushe mikono, vipimo vimekamilika.

Halafu ukaingia msimu wa harusi. Nikapata kanzu kumi na nane za ujumbe mmoja wa kwenda kwanjula, ile siku bwana harusi anapopelekwa na wazee wake kujitambulisha kwa wakwe. Wote walitaka shingo zifanane, na hakuna hata mmoja mwenye shingo inayofanana na ya mwenzake. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine, na hiyo nayo ikazaa ya kwake. Hao ndio walikuwa viumbe wa kwanza kuzaana nyumbani kwangu.

Siku moja asubuhi Dada akaanza kulia. Si kulia kwa njaa. Kulia kwa mtu aliyeibiwa. Alijiviringisha sakafuni, akaburura tumbo kwenye saruji, akasugua shavu lake kwenye kila mguu wa kiti, pamoja na miguu ya mama. Mama akasema ni tumbo. Akamsomea. Mimi nikakaa chini nikaanza kumkanda mgongo, hasa huku chini karibu na mkia, maana niliona hapo ndipo anapopata nafuu: kila nikikanda anainua nyuma na kukanyagakanyaga kwa miguu. Nikafurahi. Nikajiona nina mkono wa tiba.

Jirani alisimama mlangoni, sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Jirani, unamfanyia nini mtoto wa watu?"

"Namkanda. Ana tumbo."

"Huyo hana tumbo. Huyo anataka bwana. Na wewe unamchochea."

Nilitoa mkono kama niliyegusa pasi ya mkaa. Mama akaanza kutafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

"Kesho nampeleka kwa daktari," nikasema.

"Leo," jirani akasema. "Na kama si leo, basi huyu mkubwa mfungie chumba kingine."

Mlango ulikuwepo, ufunguo ulikuwepo. Lakini kumfungia Kaka ilikuwa ni kumtuhumu, na huwezi kumtuhumu kijana kwa jambo zito namna hiyo kwa sababu tu dada yake ana kelele. Nikamwacha. Usiku mzima alilala mlangoni, ametulia kama bawabu, nikasema moyoni, mnaona?

Kesho yake nikarudi kutoka jikoni na kikombe cha chai. Kanzu kumi na nane zilikuwa zimekunjwa, zimepigwa pasi, zimepangwa mezani kusubiri wenyewe. Juu ya kanzu ya kumi na nane, ambayo ni ya bwana harusi mwenyewe, Kaka alikuwa amemng'ata dada yake shingo na kumkalia.

Nilipiga kelele neno moja ambalo hadi leo sijui lingewasaidia nini.

"Nyinyi ni ndugu!"

Kaka alinitazama jinsi mtu mwenye kazi anavyomtazama anayemuuliza njia. Halafu, kutoka upande wa pili wa ukuta, nikasikia jirani anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akaanza upya.

Nilingoja wiki tatu nikijiambia huenda haikushika. Tumbo lilipoanza kuonekana nikampigia daktari. Hakunigombeza. Alisema bado mapema, nimlete tu, atatoa kizazi pamoja na kilichomo, na paka atapona. Akarudia lile neno lake kwa kunipendelea: kufa, ssebo.

Mama alisikia kila kitu, kwa sababu haikuwa habari ya chakula.

"Sasa kuna roho tumboni," akasema. "Usiniletee dhambi nyumbani."

"Daktari anasema mwili wake mdogo, mama."

"Mimi nilikuwa na mwili gani nilipokuzaa wewe? Nilikuwa kama ufagio. Na wewe ulikuja na kichwa hicho hicho."

Hapo mtu mzima angejibu kitu. Mimi nilisema, "Naam, mama," nikarudi kwenye kiti changu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema matumbo ya nani.

Nikaanza kumlisha. Nilimchemshia mukene, hao dagaa wetu wa ziwani, mpaka nguo za wateja zikaanza kunuka soko na mmoja akanirudishia kanzu yake ifuliwe. Kila alichokula kilikwenda tumboni; mgongoni uti ulikuwa umesimama kama mshono usiopigwa pasi. Nikimshika, vidole vyangu vilijua kabla sijakubali. Fundi hujua kwa kugusa tu pale kitambaa kinapokuwa kidogo kuliko nguo iliyoagizwa. Unaweza kukivuta, unaweza kukigeuza upande, unaweza kumuahidi mteja, kitambaa hakiongezeki. Nilijua hivyo kila siku kwa wiki sita na nikaendelea kuchemsha dagaa.

Uchungu ulimjia Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Aliingia chini ya cherehani, kwenye vipande alivyovizoea, akaanza kusukuma. Nikakaa sakafuni pembeni yake. Saa nzima ikapita, hakuna kitu. Ya pili ikaanza. Kaka alikuja, akanusa, akaondoka kwenda kuota jua, kama wanaume wote tunavyosaidia. Dada alikuwa ameacha kulia. Ulimi ulikuwa nje kidogo, na alinitazama, si kwa kulaumu, paka hawana lugha hiyo. Alinitazama tu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa pale.

Mama alinyanyuka kwenye kiti chake. Magoti yake hayakunjiki tena vizuri, lakini alishuka mpaka chini, akishika kwanza meza, halafu kiti, halafu bega langu. Akamwangalia Dada.

"Mpeleke," akasema.

Sikuuliza juu ya dhambi na yeye hakuitaja. Nilimfunga Dada ndani ya kitambaa cha kanzu ambacho kilikuwa bado hakijakatwa, nikatoka na soksi miguuni, bila viatu.

Jirani alikuwa anaosha nywele. Alifungua mlango taulo kichwani, akatazama nilichobeba, akachukua funguo za gari. Hakuvua taulo. Tulivuka mji mzima kutoka Mengo hadi Naguru hivyo hivyo, yeye na kilemba chake cha taulo anawapigia honi madereva walioduwaa kumtazama, mimi na paka mapajani nikihesabu pumzi. Njia nzima hakusema neno. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote aliyowahi kunitukana.

Daktari alimpokea mlangoni. Alimgusa tumbo, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Ssebo," akasema, "wewe ndiye wa wiki ijayo?"

"Ndiyo."

"Mtoto imekwama. Napasua sasa hivi. Siahidi kitu."

Tulikaa kwenye benchi la kungojea, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa na mbwa amefungwa bendeji mguuni. Nikagundua futi yangu bado iko shingoni. Nikalipima benchi. Nikalipima mara ya pili, kwa uhakika. Jirani akaninyang'anya futi, akaiviringisha, akaitia kwenye mfuko wake. Machozi yakaanza kunitoka, nikasema ni dawa za kliniki, zinawasha.

"Lia tu," akasema. "Huku Naguru hakuna anayekujua."

Nililia basi, kidogo, kwa heshima, kuelekea upande ambao mbwa hakuwepo.

Daktari alitoka baadaye sana, glavu mkononi. Dada alikuwa hai. Amechoka, damu imepungua, lakini hai, na kizazi kimetolewa moja kwa moja. Watoto walikuwa watatu; wawili walikuwa wamekufa kabla daktari hajafungua tumbo, yule aliyekwama alikuwa mmoja wao. Wa tatu alimweka kwenye kiganja changu. Alikuwa kama kidole gumba kilicholowa, mdomo wazi, anadai haki zake kwa sauti ambayo haikuwa imefika bado.

"Hii iko sawa," daktari akasema. "Ni msichana."

Nilisema alhamdulillahi. Jirani akasema amina. Mzee wa mbwa naye akasema amina, bila kujua ni ya nini.

"Sasa sikia, ssebo." Daktari alikuwa anavua glavu kidole kimoja kimoja. "Nyumbani kuna dume moja. Na sasa kuna msichana moja mpya. Hii ikifika miezi mitano, dume inaanza tena, na wewe unarudi hapa na kitambaa yako. Lete hiyo dume Jumatatu. Ni kazi ya dakika kidogo tu. Jioni inakula chakula yake."

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Naapa nilikuwa nimeshalishika neno lenyewe. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Jumatatu ni mapema," nikasema. "Yeye hana kosa, daktari, hakujua. Na ndiye anayekamata panya. Tumpe mwezi mmoja kwanza, apevuke akili, labda ataacha mwenyewe. Si vizuri kumkata mtu ghafla tu, hajajiandaa, hajaambiwa."

Nikasikia nimesema mtu. Daktari naye alisikia. Nikatazama chini nikaona nimekunja miguu, goti juu ya goti, nimeibana kama mkasi, na mikono yote miwili imelala mapajani.

Jirani akavua taulo kichwani. Akalikunja mara mbili, akayatazama magoti yangu, akasema kwa ile sauti yake ya kuwaamsha madereva:

"Jirani, wanataka za paka. Za kwako hakuna aliyeziulizia."